Kwa Nini Kitanda cha Mninga ni Ghali Hata Tabora

Mgeni anayefika Tabora kutafuta kitanda huja na tumaini kwamba, kwa kuwa mninga unaota huku, basi huku ndiko utakuwa wa bei nafuu. Anaingia kwa seremala, anauliza cha tano kwa sita, anatajiwa bei, anaguna. Anavuka barabara hadi dukani na kukuta kitanda cha bodi kilichotoka kiwandani: kinang'aa, kina vidroo viwili pembeni na kioo mchagoni, na bei yake ni nusu ya ile aliyotajiwa, pengine chini ya hapo. Anajiuliza, kwa haki kabisa, fundi anauza nini ambacho mwenye duka hana.

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa hesabu. Niseme msimamo wangu mapema: fundi mwaminifu wa Tabora halangui mtu, ila si kila kitu cha nyumbani kinastahili mninga, na anayekuambia vinginevyo hajui msitu uko katika hali gani.

Tuanze na mti wenyewe, maana sehemu kubwa ya bei imo humo. Mche wa mninga ukiota hukauka juu kila kiangazi, kisha huchipua tena mvua zinaporudi. Hurudia hivyo kwa miaka 10 au zaidi, chakula chote kikienda kwenye mzizi, hadi mzizi upate nguvu ya kusukuma shina litakaloushinda moto wa msituni. Baada ya hapo shina hunenepa kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mti wenye kipenyo cha sentimita 45 umekaa ardhini kama karne moja. Ule unaopasuliwa leo katika misitu ya Sikonge au Kaliua huenda ulikuwa mche wakati majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipoiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916. Msonobari wa Sao Hill kule Mufindi, ambao wauza mbao wanauita paina, huvunwa kabla haujafikisha miaka 30, tena hupandwa kwa mistari kama mahindi. Mninga haujakubali kulimwa hivyo. Tunavuna ulioota wenyewe.

Sasa pima kitanda. Matendegu manne ya inchi nne kwa nne, mifumbati miwili ya inchi mbili kwa nane, mbao za mchagoni na za miguuni za inchi moja kwa kumi: ukijumlisha unapata kama futi za ujazo 5, yaani takriban mita za ujazo 0.14 za mbao iliyokwisha kupigwa randa. Chaga sijazihesabu, kwa kuwa fundi mwenye busara huzitengeneza kwa mbao nyingine. Gogo la mninga lenye kipenyo cha sentimita 45 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 0.64. Toa maganda, toa mabanzi, toa sehemu nyeupe ya nje ambayo haina maisha, toa unga wa msumeno. Kwa msumeno wa mnyororo au wa kuvutwa na watu wawili, ukibaki na asilimia 40 ya gogo kama mbao nzuri, mpasuaji wako anaijua kazi. Hiyo ni mita za ujazo 0.25. Kisha seremala anakata ncha zilizopasuka, anakwepa mafundo, anapiga randa pande zote nne, na robo nyingine inaondoka. Kinachobaki kinatosha kitanda na viti vidogo viwili vitatu.

Kitanda kimoja, mti mmoja wa miaka 100. Kila ninapoirudia hesabu hii naona bei ya fundi haishangazi; kinachoshangaza ni kwamba tuliwahi kuuona mninga kuwa kitu cha kawaida.

Mti huo una gharama nyingine kabla haujagusa benchi la seremala. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mvunaji anahitaji kibali, analipa mrabaha wa serikali, na magogo yake hugongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbao zikisafiri lazima ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo maofisa wa maliasili huikagua kwenye vizuizi vya barabarani. Halmashauri nayo ina ushuru wake. Ongeza nauli ya lori kutoka porini, ambako wakati wa masika njia hazipitiki. Mbao iliyokwepa yote haya ipo, na ni rahisi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba bei ya chini sana kwa mninga haipaswi kumfurahisha mnunuzi: kuna kitu hakikulipwa, na mara nyingi ni haki ya msitu. Dunia nayo imeanza kushtuka. Mkurungu, ndugu wa mninga ambao soko la China liliupenda kwa wekundu wake, uliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na mwaka 2022, mkutano wa mkataba huo huko Panama uliingiza jamii nzima ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo, ili magogo na mbao zisivuke mipaka bila kibali.

Halafu kuna kukausha. Wanunuzi wengi hawajui kwamba wanalipia jambo hili, na mafundi wengi, kwa njaa ya siku, hulikwepa. Mbao ya inchi moja ikipangwa kivulini, ikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, hutaka miezi miwili au mitatu. Ya inchi mbili hutaka nusu mwaka au zaidi, na tendegu la inchi nne hutaka subira kubwa kuliko hiyo. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana ukilinganisha na miti mingi, na hiyo ndiyo sababu maseremala wanauheshimu, lakini hakuna mti usiosinyaa kabisa. Tabora hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha huja miezi ya jua kali na upepo mkavu. Kitanda kilichoundwa Februari kwa mbao mbichi kitaanza kulia Agosti: kila ukigeuka, viungo vinalalamika. Fundi anayekausha amefungia mtaji wake kwenye rundo la mbao kwa miezi, bila faida, huku kodi ya kibanda ikidai. Mtaji huo ulale bure kwa hisani ya nani? Lazima urudi kwenye bei.

Mwisho ndiyo mikono. Kiungo kizuri cha kitanda huanza na tundu lililochongwa kwa patasi ndani ya tendegu, na ulimi wa mbao unaoingia humo kwa kubana, bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Fundi anachagua mbao za mchagoni ili mistari yake ifuatane, anapanga upande upi utazame juu, anapiga randa, anapiga msasa wa kukwaruza, kisha wa wastani, kisha laini, anapaka vanishi, anangoja, anapiga msasa tena, anapaka tena. Vumbi la mninga humpa chafya na huweza kumletea pumu, nayo ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Akikosea kipimo cha mbao moja ya futi 6, mbao ile haina tena kazi kitandani, na hasara ni yake. Kwa mwendo huo kibanda cha fundi mmoja na vijana wawili hutoa vitanda vichache kwa mwezi, na kodi, umeme, kunoa misumeno na chakula cha vijana vyote hugawanywa kwa vitanda hivyo vichache.

Kiwanda kinagawanya kwa maelfu, na hapo ndipo siri yote ya bidhaa za wingi ilipo, ziwe vitanda, saa au kamera. Kampuni ya Leica, iliyotoa kamera yake ya kwanza sokoni mwaka 1925, hadi leo huunganisha kamera zake za aina ya M kwa mikono mjini Wetzlar, Ujerumani, mfanyakazi akirekebisha kifaa kimoja kimoja. Kamera hiyo bila lenzi humgharimu mnunuzi mara kadhaa ya ile inayotoka kwenye mstari wa mashine. Wote wawili, fundi wa Wetzlar na wa Tabora, wanauza saa za mtu mwenye ujuzi, na saa hizo hazipungui bei kwa kuzidishwa.

Bodi nayo tuipe haki yake. Hutengenezwa kwa vipande na nyuzi za mbao ambazo zingetupwa, zikakandamizwa kwa gundi na joto, kisha zikavishwa karatasi yenye picha ya mbao. Ni matumizi mazuri ya taka. Haikati mti wa miaka 100. Haisinyai wala haipindi kama mbao mbichi, na kabati la bodi katika chumba kikavu, lisilohamishwa, linaweza kukutumikia miaka mingi bila neno. Hufungwa katika maboksi bapa, lori moja likabeba samani za nyumba nzima kutoka Dar es Salaam, na reli ya kisasa inayojengwa kuja Tabora itakapokamilika sitashangaa bei yake ikishuka zaidi. Udhaifu wake ni maji na skrubu. Maji yakiingia kwenye ukingo uliobanduka, bodi huvimba na haitarudi. Skrubu ikishalegea, tundu limekwisha, hakuna nyuzi za kushika tena. Kwa hiyo kitanda cha bodi huharibika katika jambo lile lile ambalo wapangaji na watumishi wa umma hulifanya sana: kuhama. Kila kikifunguliwa na kufungwa upya kinapungua nguvu, ilhali kitanda cha mninga chenye bolti na nati hufunguliwa kwa spana, kikapakiwa, kikafungwa Kigoma au Nzega kama kilivyokuwa.

Mji huu umekwisha kupitia ushindani wa namna hii. Katika karne ya 19, wakati misafara kutoka Bagamoyo ilipokuwa ikitua Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kabla ya kugawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini, Wanyamwezi walikuwa na wafumaji wao wa nguo za pamba, zilizofumwa kwa mkono. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta ufumaji huo ukiendelea. Lakini mabegani mwa wapagazi ilikuwa imekwisha kuja merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa ya viwanda vya Massachusetts, iliyovuka bahari mbili na kutembezwa kwa miguu karibu miezi mitatu, na bado ikawa rahisi kupatikana kiasi cha kutumika kama fedha. Ufumaji wa Unyamwezi ulififia. Kule Ufipa uliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Majembe ya wahunzi wa Usumbwa yalijikaza zaidi, kwa kuwa yaliifaa ardhi na mkulima aliyajua, hata soko la Tabora likawa linauza majembe hayo kwa maelfu kabla ya ya viwandani kuyasukuma pembeni. Ninachojifunza hapo kama mnunuzi ni kuuliza kila kitu kazi yake ni ipi. Jembe la mhunzi liliuzika pale lilipofanya kazi vizuri zaidi.

Basi tufanye hesabu ya nyumbani. Namba hizi ni za mfano. Weka za kwako siku utakayokwenda sokoni. Tuseme kitanda cha bodi ni shilingi 350,000 na kitadumu miaka 6. Hiyo ni karibu shilingi 58,000 kwa mwaka. Tuseme cha mninga ni shilingi 900,000 na kitadumu miaka 40, jambo la kawaida kwa mninga uliokaushwa: shilingi 22,500 kwa mwaka. Kwa karatasi, mninga unashinda kwa mbali. Lakini mtu halali juu ya karatasi. Mwalimu anayeanza kazi, aliyepangiwa Urambo na hana godoro, hana hiyo 900,000, na akikopa kwa riba ili anunue kitanda, hesabu inapinduka. Tena hajui kama mwakani atakuwa Urambo. Kwake yeye nisingependekeza mninga, na nisingependekeza bodi pia.

Ningemwambia anunue kitanda cha chuma. Cha kuchomelewa, cha bomba za mraba, kilichoundwa na fundi wa mtaani. Watu wanakidharau kwa sababu kinafanana na cha bwenini, lakini kinavumilia kuhama, mchwa haukihusu, kikikatika kinachomelewa kwa dakika chache, na fedha yake inabaki kwa fundi wa mji ule ule. Kama chuma hakimpendezi, kuna kitanda cha paina au mlingoti kilichotengenezwa kwa viungo vya kweli na kupakwa dawa. Kitadumu kuliko bodi na hakigusi msitu wa asili. Kati ya chaguo zote hizi, kitanda cha bodi ndicho nakiona cha mwisho, isipokuwa kwa mwenye nyumba yake asiyehama na anayependa vile vidroo.

Mninga uwekwe mahali ambapo sifa zake zinatumika. Mlango wa nje, unaopigwa na mvua upande mmoja na jua upande huo huo miezi mitano baadaye, ni mahali pake. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji huu, alikokaa David Livingstone mwaka 1872, bado linamwonyesha mgeni jinsi watu wa njia ya misafara walivyouthamini mlango wa mbao wa kuchongwa. Fremu za milango na madirisha, ndiyo. Kitanda cha ndoa, ndiyo. Meza ya chakula ya familia, ndiyo. Sofa, hapana: ubavu wake umefunikwa sponji na kitambaa, hakuna atakayeuona mninga wako, na sponji itakufa kwanza. Milango ya ndani inatosha kuwa ya paina. Mgongo wa kabati na rafu zake uwe wa bodi au plaiwudi bila aibu yoyote. Chini ya sinki la jikoni usiweke bodi kamwe.

Ukishaamua kununua kwa fundi, usiamini bei peke yake, kwa kuwa kazi ya mkono nayo ina wajanja. Kuna paina inayopakwa rangi ikauzwa kwa jina la mninga. Kuna viungo vilivyopigiliwa misumari tu, mwanya ukazibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kuna mti mweupe wa nje uliotiwa rangi ukafanana na wa ndani, na huo ndio bungua hupenda kuupekecha. Ukiona vumbi laini sakafuni baada ya mwaka, umejua ulichouziwa. Dawa ya haya yote ni kufika kabla ya vanishi. Mwambie tu, "Fundi, naomba nikione kikiwa kitupu." Fundi mzuri hufurahi kuulizwa hivyo. Geuza ubao uone chini: mninga wa ndani una rangi ya kahawia, toka ya dhahabu hadi nyekundu, wenye michirizi, na mpaka wake na ule mweupe unaonekana wazi. Paina ni nyeupe manjano, ina mafundo na harufu ya utomvu. Tikisa kiungo kabla ya gundi. Uliza mbao zilinunuliwa lini, na uombe kuona nakala ya hati iliyozileta mjini.

Na kwa asiye na fedha ya mara moja lakini anautaka mninga kwa moyo wote, ipo njia ambayo watu wa huku wanaijua. Nunua mbao kabla ya kitanda. Mgao wa vikoba ukitoka, nunua mbao mbili zenye risiti. Mshahara ukibaki, ongeza moja. Zilaze ndani ya nyumba, juu ya matofali ili mchwa usizifikie, weka vijiti katikati yake, paka rangi kwenye ncha ili zisipasuke, andika tarehe kwa chaki. Thamani yake haishuki, na wakati unajichanga zenyewe zinakauka, hivyo ile miezi ambayo fundi angekutoza umeitoa wewe mwenyewe bure. Ukifika kwake na mbao kavu unalipia mkono wake tu. Mpe sehemu anapoanza, sehemu viungo vinapokuwa tayari na umevikagua, na iliyobaki siku ya kuchukua, na usimpunje kwenye hiyo ya mwisho, kwa sababu mara nyingi ndiyo mshahara wake mwenyewe. Zile za mwanzo zimekwisha kwenda kwa vijana, msasa na vanishi. Vipande vitakavyobaki usiviache kibandani vikachomwe. Mwombe akutengenezee kibao cha mbuzi.